Mtunza Seva na Kufuli Zake

Mtunza seva wa ofisi ile ni mtu wa kufunga kila kitu. Akichota sukari, kopo analifunga kabla hajakoroga chai. Droo ya meza yake, isiyo na kitu ila nyaya na biskuti, ina kufuli. Dada wa picha, aliyekaa pembeni yake tangu asubuhi akisubiri njia ya kupandisha picha kwenye tovuti, alishachoka hata kununa.

"Kaka, si unifungulie tu kama wengine?"

"Wengine ndio waliofuta ukurasa wa mbele," akajibu bila kugeuka, vidole viwili vikidonoa kibodi. "Wewe utaishia kwenye folda ya picha."

Akaandika kwenye seva masharti ya kumbana dada humo, akaiwasha upya huduma, halafu, kabla hajajaribu chochote, akafunga dirisha lake mwenyewe la kuingilia kwenye seva, kwa mazoea tu. Alipotaka kurudi, seva ikamjibu kwamba hapa wanaingia wapandisha mafaili peke yao. Akaandika nywila tena, polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. Jibu lile lile. Masharti aliyomwandikia dada peke yake yalikuwa yamewanasa watumiaji wote, na yeye mwenyewe akiwemo.

Akavua miwani, akaitia kwenye kasha, akalifunga. "Dada, hebu jaribu wewe."

Folda ikafunguka.

"Unaona nini?"

"Picha tu."

"Ukitaka kutoka humo?"

"Inagoma."

Uso wa mtunza seva ukakunjuka kwa mara ya kwanza siku ile. "Umeona? Nilikwambia utaishia humo."

Dada akatazama huku na huku akitafuta cha kumrushia. Kila kitu kilikuwa kimefungiwa.