Neno Lililobaki kwa Fundi Kornelio

Hapa Magomeni, Kilosa, ukitaka kujua mtu ana matusi kiasi gani, usimfuate kanisani. Mpe nyundo, umngoje ajigonge kidole. Kitakachotoka hapo ndiyo dini yake ya kweli.

Fundi Kornelio amejigonga vidole maisha yake yote, maana ni seremala wa mikokoteni ya maksai, na hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya "Nebukadreza!" Ikimuuma sana anaongeza, "Wa Babeli!" Basi, imeisha, anaendelea na kazi. Vijana wa bodaboda pale kona walishajaribu kumtia hasira makusudi ili wasikie na yeye anatukanaje. Wakaishia kusikia habari za Babeli.

Ni mzee wa kanisa pale Anglikana, Mkaguru wa milimani, na shule kasoma ya misheni, enzi ambazo mtoto akitukana, mwalimu anamsugua ulimi kwa sabuni ya kufulia. Alikuwa akituhadithia mwenyewe, na akifika kwenye sabuni anakunja uso kama bado anaionja. Ukutani kwenye karakana yake aliandika kwa chaki: HAPA HATUTUKANI, TUNAPIGA RANDA. Mkewe, Katarina, ndiye aliyekuwa akitukana kwa niaba ya familia, tena kidogo tu, na ni kuku peke yao.

Sasa mwaka juzi, wakati watu wanahangaika na kupanda mahindi, Fundi aliinuka kuchukua msumeno, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kusema mkono umekataa, mdomo nao ukakataa. Kiharusi. Alikaa hospitali mpaka tukazoea karakana iliyofungwa. Aliporudi, mguu anauburuta, mdomo umekwenda upande, na maneno hana. Hana kabisa. Jina la Katarina halipo. Maji hayapo. Hata Nebukadreza alikuwa ameondoka na jeshi lake.

Tulidhani hana hata moja. Kumbe limebaki moja.

Mchungaji Yared alikuja kumwona, kaongozana na akina mama wa kanisani wamejifunga vitenge vya sare. Na mimi jirani nilikuwepo. Mchungaji akainama, akamshika mkono.

"Bwana asifiwe, mzee wetu. Unajisikiaje leo?"

Kornelio akakusanya uso wote. Mishipa ya shingo ikasimama. Midomo ikatetemeka, tukajua kitu kinakuja, akina mama wakasogea wasikie. Kikaja.

"Mavi yako."

Samahani kwa kuliandika lilivyo. Nikiliacha, nitakuwa nawahadithia mambo ya mgonjwa aliyeguna tu.

Mama mmoja akaona labda masikio yake ndiyo yana kasoro. Akasogea. "Unasemaje, baba?"

"Mavi yako!" Safari hii kwa sauti ile ya kwaya, besi.

Mchungaji akafungua Biblia popote ilipofunguka, akaomba haraka haraka, macho wazi. Lakini mimi nilikuwa namtazama Kornelio. Alikuwa analia. Kila alichosema alikisikia vizuri kuliko sisi wote. Alitaka kusema asante, ikawa kama mkono umeingia ghalani gizani ukatoka na lile.

Basi, maneno yakatembea. Kufika jioni yalikuwa yameshafika Chanzuru. Wengine wakasema ni pepo, aombewe. Wengine, hasa wale waliowahi kukemewa karakanani, wakasema kwa furaha, "Kumbe yalikuwa ndani siku zote!" Mtoto wa jirani akaja na shikamoo yake safi, mikono nyuma, na badala ya marahaba akapewa lile lile. Akakimbia kwao akicheka, na kesho yake wakaja wenzake wengi kumwamkia babu. Hakujawahi kuwa na watoto wenye adabu kiasi kile Magomeni nzima.

Hapo mdogo wake, Octavian, akashika usukani. Octavian ni mtu wa heshima ya kuonekana. Hata akienda shambani anachomekea shati. Akaamuru Fundi akae chumba cha nyuma, na mgeni yeyote aambiwe amelala. Nadhani katika historia ya Kilosa hajatokea mtu aliyelala mchana kama yule.

Katarina hakupenda. Alikuwa amemsikiliza Sista Scolastica, nesi wa mazoezi kule hospitali, na alinirudishia yote huku anapepeta mchele.

"Sista anasema maneno hayakai chumba kimoja kichwani. Haya ya kuongea tunayoyatunga wenyewe yana chumba chake, ndicho kilichoungua. Lakini matusi, na sala za kukariri, na kuhesabu, yale yanayotoka bila mtu kufikiri, yana pa kwake. Huko moto haukufika."

"Sasa mbona haikutoka Baba Yetu? Mzee wa kanisa!"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema tusi linasukumwa na hasira, halihitaji kubembelezwa. Na yeye ana hasira, maskini. Wewe usingekuwa nayo?"

Ningekuwa nayo. Na ningekuwa na akiba ya maneno kubwa zaidi.

Lakini jambo lililokuwa linawakosesha usingizi pale nyumbani lilikuwa harusi. Binti yao wa mwisho, Happyness, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mikumi anayeitwa Imani, fundi wa magari ya watalii. Tarehe ilipangwa kabla ya ugonjwa. Octavian akaitisha kikao sebuleni, na mimi jirani nikaitwa.

"Nitasimama mimi," akasema. "Mtoto nitamtoa mimi."

Happyness akapiga goti kama inavyotakiwa. "Baba mdogo, nakuheshimu sana. Lakini kama baba hanitoi, mimi sitoki."

"Happy, tumia akili. Wakwe wote wa Mikumi watakuwa wamekaa pale na suti zao. Mchungaji atauliza, 'Nani anamtoa mwanamke huyu aolewe?' Baba yako atajibu nini? Niambie. Mbele ya madhabahu, atajibu nini?"

Kila mmoja alikuwa na jibu, hakuna aliyetaka kulitamka. Likatoka lenyewe chumba cha nyuma, kwa sauti kubwa na huzuni nyingi.

Octavian akanyoosha mikono. "Mmesikia wenyewe."

Katarina akainuka akaenda jikoni. Mlio wa sufuria ulituambia yaliyobaki.

Sasa wiki hiyo hiyo akatokea Jilala.

Jilala ni Msukuma wa Masanze, mfugaji na mkulima, mkokoteni wake wa maksai ulitengenezwa na Kornelio na kukarabatiwa na Kornelio mpaka ubao wa kwanza umebaki historia. Alikuwa ameondoka kwenda kwao ziwani kumuuguza mama yake, hakuwa na habari ya lolote. Na jambo lingine mlijue: Wasukuma na sisi Wakaguru ni watani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkweo, akakaa kwenye kiti chako, akaondoka na jogoo wako. Hata msibani anaweza kusimama kando ya jeneza akamwambia marehemu aamke aache uvivu, na wewe mfiwa huruhusiwi kununa. Jilala alikuwa amemtukana Kornelio kitani tangu wakiwa vijana, na kwa miaka yote hiyo Kornelio alimjibu, "Karibu chai, ndugu yangu." Ilikuwa inamuuma sana Jilala. Ni kama kucheza bao peke yako.

Siku hiyo nilikuwa uani namsaidia Katarina kufunga mlango wa banda la kuku. Jilala hakubisha hodi, mtani habishi. Alipita mpaka chumba cha nyuma na viatu vyake vya matairi.

"We mla ugali wa milimani! Karakana imefungwa, fundi umelala saa hizi! Ndiyo maana nyie nyote mguu mmoja mfupi, mmezoea kulala kwenye mteremko!"

Kutoka ndani: "Mavi yako!"

Kisha Jilala akapiga ukelele uliowatoa kuku wote niliokwisha kuwafungia.

"Haaa! Mtani wangu! Umeongea! Miaka yote nakungoja! Mavi yangu? Yako wewe, tena ya mtu anayekula mboga za porini kama swala wa Mikumi!"

"Mavi yako!"

"Ya babu yako aliyeshuka mlimani kwa makalio!"

Katarina akaacha kila kitu akakimbilia ndani, mimi nyuma yake, tukijua tutamkuta Fundi kapandwa na presha. Tukasimama mlangoni. Kornelio alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso tu ndio ulicheka, lakini ulicheka kwa niaba ya mwenzake, na machozi yanashuka. Tangu arudi kutoka hospitali hakuna aliyewahi kumjibu. Wote tulikuwa tukimwonea huruma, kumkimbia au kumfungia mlango. Huyu alimrudishia tusi lake kama mtu mzima.

"Shemeji," Jilala akamwambia Katarina, "mumeo hatimaye ameokoka!"

Katarina akamweleza. Jilala akasikiliza, uso ukashuka taratibu. Akavua kofia. Akakaa kitandani karibu na mwenzake, akautazama ule mkono uliolala kama si wa mtu. Nikafikiri sasa na yeye ataanza kunong'ona kama sisi.

"Kwa hiyo tusi ndilo limebaki?" akauliza.

"Ndilo."

"Na mkaona mmfiche? Mtu kabakiwa na jembe moja, mnamnyang'anya?" Akamgeukia mgonjwa. "Haya, mjinga wewe. Nani mjinga hapa?"

"Mavi yako."

"Hujajibu swali. Nani mjinga? Mimi au wewe?"

Kornelio akafungua mdomo. Akaufunga. Akaligonga goti lake kwa ule mkono mzima. Tuliona hasira ikipanda, ile ya kweli ya kunyimwa zamu ya kujibu, na juu ya hasira hiyo kikapanda kitu kingine.

"We... wewe!"

Katarina akakaa chini sakafuni, pale pale.

Tangu hapo Jilala akawa anakuja kila akileta maziwa mjini. Sista Scolastica alipopata habari hakukasirika. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaja mwenyewe kuona. Akamwambia, "Endelea, mzee. Ila ukishauliza, nyamaza. Usimjibie. Mwache atafute." Hiyo ikawa dawa chungu kwa Jilala, mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa amelala. Anauliza, "Nani mwizi wa ng'ombe hapa?" kisha anajiziba mdomo kwa kofia. "Wewe!" anajibu Fundi. "Nani mwanaume hapa?" Hapo Kornelio anahangaika, anatoa jasho, "Mavi... wewe... mi... mimi!" Na Jilala anaruka, "Muongo!"

Tusi halikuondoka. Likawa linatangulia kama kijana wa kufungua geti, halafu nyuma yake linapita neno. Siku nyingine geti linafunguka na hapiti mtu. Harusi ilipokaribia, Fundi alikuwa na akiba ya maneno machache, na hakuna aliyejua lipi litatoka likiitwa.

Octavian akajaribu tena. Safari hii Katarina hakwenda jikoni.

"Shemeji, atamtoa baba yake."

"Na likitoka lile?"

"Likitoka limetoka. Ni la kwake. Watu wa Mikumi wanaishi na tembo mlangoni, hawatakufa kwa neno."

Mchungaji Yared alipoambiwa, nadhani alikumbuka ile sala ya macho wazi. Akasema, "Mleteni. Nitamngoja."

Kanisa lilijaa. Upande wa Mikumi suti, upande wetu woga. Kornelio kaletwa na fimbo, koti lake la zamani, Happyness kamshika mkono ule uliolala. Jilala kakaa kiti cha nyuma kabisa, kaahidi kwa Mungu wa kila mtu kwamba atanyamaza.

Mchungaji akauliza, polepole, "Nani anamtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu?" Akanyamaza. Alinyamaza kweli, kama alivyoahidi.

Kornelio akafungua mdomo. "M..."

Octavian akafumba macho. Mama mmoja wa kwaya akaanza kukohoa ili kufunika. Katarina peke yake alikuwa anamtazama mumewe usoni, midomo yake inaenda bila sauti.

"Ma..." Fundi akatikisa kichwa. Akajipiga paja. Akamnyooshea Mchungaji kidole. "Wewe!"

Kicheko kikapita upande wa Mikumi, kicheko cha wema. Kornelio akatikisa kichwa tena, kwa nguvu, akageuza kile kidole taratibu mpaka kikagusa kifua chake.

"Mimi," akasema. Kisha akamtazama Happyness, na uso ule uliokwenda upande ukajikusanya kama unanyanyua gurudumu la mkokoteni. "Mimi. Baba."

Vigelegele vilivyopigwa pale sina haja ya kuvisimulia. Octavian alikuwa analia, shati limechomoka. Mchungaji alikosa ukurasa wake, safari hii kwa furaha.

Nje, watu wanapiga picha, Jilala akanishika bega, kakunja uso kweli kweli.

"Mimi nilimfundisha 'wewe'. Nilimfundisha 'mimi'. Hilo 'baba' sikumfundisha. Nani kampa?"

"Labda kalipata mwenyewe," nikamwambia.

Akafikiri. Akamtazama Fundi pale kwenye kiti, watoto wamemzunguka wanamwamkia kwa zamu.

"Basi kama anaokota mwenyewe," akasema, "kuanzia kesho nakuja na matusi makubwa zaidi."