Ruweida na Radhi za Wawi Nzima

Wifi yangu Ruweida ni mpambaji wa maharusi, na mdomo wake hufanya kazi kuliko mikono. Ukimpa mguu akutie hina utaondoka na maua mpaka magotini, tena utaondoka unazijua habari za nyumba tatu za jirani, na za kwako umemwachia yeye. Hapa Wawi hakuna biharusi anayekubali kuchorwa na mtu mwingine. Wanamwogopa na wanamtaka, yote kwa pamoja. Mimi, ambaye kaka yangu Hafidh ndiye aliyemwoa, nimeyala maneno yake tangu siku ya kwanza, alipoonja wali wangu akauliza kama huo ni wa msiba, na aliyekufa ni ndugu wa karibu. Mama yangu, Bi Mwanawema, kila siku humwambia neno lile lile: punguza maneno, mwanangu. Naye hujibu kwamba ameshapunguza, hayo tunayoyasikia ndiyo yaliyobaki.

Mimba yake ilichelewa. Ilifika mahali watu wakaacha kumuuliza, na kwetu sisi watu wakiacha kukuuliza ujue wameshakukatia tamaa. Kwa hiyo ilipokuja tulifurahi kupita kiasi. Hafidh akanunua kitanda cha mtoto kabla tumbo halijaonekana, akakificha chini ya mikeka, na kila mgeni aliyekuja akaoneshwa.

Siku zilipokaribia nilimsindikiza mjini Chake, hospitali, kwenye kipimo cha picha. Daktari Badriya akapitisha kile chombo chake juu ya tumbo, akarudi nacho, akapitisha tena. Akasema mtoto ni mzima na moyo unapiga vizuri, ila amekaa kitako. Kichwa kiko juu, mbavuni mwa mama yake, na matako ndiyo yaliyoelekea njiani. Ruweida alicheka mpaka kitanda kikalia. Alisema huyo ni wa Hafidh, hahitaji ushahidi mwingine, maana Hafidh naye akishakaa barazani mbele ya bao haondoki mpaka bao lenyewe lichukuliwe na mwenyewe.

Daktari alingoja kicheko kiishe, kisha akaeleza bila haraka. Njia ya kwanza, aje hospitali wajaribu kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, huku moyo wake unasikilizwa na chumba cha upasuaji kiko tayari. Wengine hugeuka, wengine hukataa. Njia ya pili, apangiwe siku apasuliwe. Njia ya tatu, azae kwa njia ya kawaida, mtoto atangulize matako. Wapo wanaozaa hivyo salama mbele ya wakunga waliozoea, lakini kwake yeye asingemshauri, kwa kuwa mtoto ni mkubwa na mguu mmoja ameuteremsha chini. Mwili ni wako, akamwambia, kafikiri na mumeo, uje Jumatatu na jawabu. Na maji yakivunjika au uchungu ukianza kabla ya hapo, asingoje Jumatatu wala nini, aje mbio.

Tulipokuwa njiani kurudi aliacha kucheka. Akanishika mkono, mkono wake wenye madoa yasiyotoka ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, akasema, "Wifi, mie naogopa."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo, na lilinitisha kuliko maneno yote ya daktari.

Nyumbani tulimkuta Mama anakuna nazi. Mama yake Ruweida alishafariki zamani, na huyu wangu anamwita Mama kwa moyo, si kwa ajili ya mume. Alisikiliza habari yote, akainuka kwenye mbuzi, akasema kabla mtu yeyote hajatia mkono kwenye tumbo lile, Ruweida atoke akatake radhi. Kwetu mwanamke anayekaribia kujifungua hutaka radhi kwa watu, kama anavyofanya anayekwenda Hija. Na mtoto akikaa vibaya, wazee husema ipo roho ya mtu haijakaa sawa na mama yake.

"Kuna mtu ana kinyongo nawe," Mama akasema. "Na kwa mdomo huo, mwanangu, hao watu hata sijui utaanzia kwa yupi."

Nilitaka kubisha. Hafidh akanikanyaga mguu, akasema radhi na hospitali hazigombani, na Jumatatu bado.

Sasa, kutaka radhi ni jambo jepesi. Unapiga hodi, unasema niwie radhi kwa nililokukosea kwa kujua na kwa kutokujua, mwenzako anajibu nimekuridhia duniani na akhera, mnakunywa chai, basi. Shehe wa msikiti wetu mwenyewe alimwambia hiyo ya jumla inatosha. Lakini Ruweida hana kazi ya jumla. Yeye akichora ua hulifikisha mpaka kwenye ncha ya kidole, na radhi akaamua kuzitaka hivyo hivyo, neno kwa neno.

Tulianza kwa Bi Jawaher mwenye duka la nguo. Bi Jawaher alimpokea kwa mapenzi, akamridhia hata hodi haijaisha, akaagiza kahawa. Ruweida akasema ahsante, lakini hebu asikilize kwanza. Akamweleza kwamba kwenye harusi moja huko Wete aliwaambia watu kuwa Bi Jawaher akipima kitambaa, mita yake imezaliwa njiti. Bi Jawaher hakuwa na habari. Kikombe kikabaki hewani. Ruweida akaendelea, akamwambia na aliyoyasema juu ya wigi lake. Tukakaa pale mpaka kahawa ikapoa, Bi Jawaher akihema, mara akatazama mita yake pale kwenye meza, akaanza kucheka mwenyewe, akashindwa kuacha. Akamridhia mara ya pili, na hiyo nadhani ndiyo iliyokuwa ya kweli. Tulipoaga akamwambia apasuliwe, asihangaike. Binti yake alipasuliwa Maskati na kesho yake alikuwa anakula samaki.

Kwa Mzee Nyange, anayeuza samaki kwa baiskeli, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Yule mzee anasikia kwa shida, kwa hiyo Ruweida alilazimika kuyasema kwa sauti, barazani, mbele ya watu: kwamba aliwahi kusema samaki wa Mzee Nyange hawahitaji honi, wenyewe hujitangaza kwa harufu. Baraza zima likalala kwa kicheko. Mzee Nyange akauliza amesema nini, Ruweida akarudia, wakacheka tena. Mzee akanuna, akageukia ukutani. Kisha akauliza lini hilo. Alipoambiwa ni mwaka jana, akasema mwaka jana kweli barafu ilikuwa tabu, akamridhia. Naye akatoa ushauri wake: asikubali kupasuliwa wala kugeuzwa, alale kiubavu na asikilize Kurani, mtoto mwenye adabu atajipindua.

Basi habari zikatutangulia. Tukawa tukifika kwenye nyumba tunakuta watu wameshatandika mikeka, na majirani wameletwa wasikilize. Wengine walichukia kwa sababu Ruweida hakuwa na la kuwaungamia. Mwanamke mmoja alisema, kwani yeye amekosa nini mpaka asisemwe. Na kila nyumba ilitoa radhi yake pamoja na jawabu lake la Jumatatu. Huyu, pasuliwa. Yule, ukipasuliwa mara moja ndiyo umeshazoea, na weye unataka watoto wengi. Mwingine, muwekee tochi chini ya tumbo, atafuata mwanga. Ruweida akauliza tochi hiyo iwe ya betri ngapi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na siku ya Jumapili miguu ya wifi yangu ikawa imevimba, Wawi nzima imemridhia, na bado hajui atafanya nini.

Akabaki mmoja. Jioni ile akaketi chini, mbele ya Mama, akasema, "Mama, niwie radhi."

Mama akainuka akaenda jikoni.

Tukadhani hakusikia. Ruweida akamfuata, mimi nikamfuata Ruweida. Akarudia. Mama akasogeza sufuria, akasema chumvi imekwisha. Hapo Ruweida akasema wazi kwamba hatokwenda Chake bila ya radhi yake. Radhi za wengine zote zilikuwa mchezo, hii ndiyo aliyokuwa akiitaka, kwa kuwa mama mwingine hana.

Mama akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akatuambia jambo ambalo mimi, binti yake wa kumzaa, sikuwahi kulisikia. Alikuwa na mdogo wake, Ummi. Nilijua alifariki kijijini Vitongoji kabla sijazaliwa, sikujua vipi. Mtoto wake naye alikaa kitako. Uchungu ulimshika nyumbani, wakangoja, kila mtu akingoja mwenzake aseme twende hospitali. Ummi alipochoka akamtaka dada yake radhi.

"Nkampa," Mama akasema. "Nlipomaliza kusema, na yeye kamaliza. Mie tangu siku hiyo neno hilo silitoi. Nikikuridhia, mwanangu, n'takuwa nakuaga."

Nikamtazama Ruweida. Yule mwanamke asiyekosa neno alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo, machozi yanamteremka. Nami nililia, kwa ajili ya Ummi, khaloo nisiyemjua, na kwa ajili ya Mama, aliyemtuma mwenzake kwenye milango ya watu wote huku wa kwake ameufunga kwa hofu. Kisha Ruweida akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Basi usinipe," akasema. "Niwekee. Kesho nakwenda wakajaribu kumgeuza, akikataa, siku ile wanayosema nitapasuliwa, sitongoja uchungu wala sitongoja mtu aniambie twende. Nikisharudi nitakuja kuichukua mwenyewe."

Jawabu likapatikana hivyo, jikoni, na si katika zile nyumba zote. Hafidh, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, akasema yeye alikuwa na mawazo hayo hayo. Hakuna aliyemwamini.

Jumatatu Daktari Badriya alishika kichwa kwa mkono mmoja na matako kwa mwingine, akasukuma taratibu kama mtu anayezungusha tikiti ndani ya kikapu. Mtoto akaenda nusu ya njia, akafikiri, akarudi alikokuwa. Wakajaribu tena, akafanya vile vile. Daktari akasema basi, hatulazimishi. Ruweida, jasho linamtoka, akasema ameshampenda, maana katika ukoo huu hajawahi kuona mtu mwenye msimamo.

Siku ya upasuaji tulikaa nje sote. Mama alikuwa na tasbihi, anaivuta haraka mno, nadhani alikuwa anaruka punje. Hafidh alikosa hata hamu ya kukaa. Ndani, Ruweida alipigwa sindano ya mgongo, kwa hiyo kiuno kikafa ganzi ila mdomo ulibaki mzima. Muuguzi alitusimulia baadaye kwamba alimwambia daktari, huku anapasuliwa, kuwa nyusi zake zinahitaji mtu wa kuzishughulikia, na bei watapatana. Mtoto akatolewa wa kike, na hata kwa mlango ule mpya alitanguliza matako. Alilia mpaka tukamsikia nje, na Hafidh akakaa chini pale pale sakafuni.

Tuliporuhusiwa kuingia, Mama alitangulia. Alisimama miguuni mwa kitanda, anamtazama Ruweida, hamtazami mtoto.

"Mama," Ruweida akasema, sauti imekwaruzika, "nimekuja kuchukua yangu."

Mama akamshika uso kwa mikono miwili. "Nimekuridhia, mwanangu. Nimekuridhia duniani na akhera." Akalimaliza lote, mpaka mwisho, akaona mwenzake bado yupo, bado anamtazama. Akalia na kucheka kwa wakati mmoja, nasi tukamfuata, hata mgonjwa wa kitanda cha pili, asiyejua kisa chenyewe.

Ruweida akashika jeraha lake, akamtazama Mama kutoka juu mpaka chini.

"Ila hiyo kanga yako, Mama, maandishi kichwa chini. Basi hapa wa kugeuzwa alikuwa nani?"

Mama akajitazama, akaona kweli, kwa haraka ya alfajiri ameifunga juu chini. Nikangoja lile neno lake la kila siku. Akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Sema, mwanangu," akasema. "Sema utakavyo."