Ngano Iliyokataa Kutoa Masuke

Nilikuwa msaidizi wa maabara huko Njoro nilipochota makopo mawili ya ngano kwenye gunia lililokuwa litupwe, nikampelekea mama mdogo Rongai. Nilimwambia ni mbegu ya kisasa. Sikujua ilikotoka.

Aliipanda karibu na barabara, watu waione. Mzee mmoja wa Kaptembwo aliyekuwa akimfanyia vibarua akaipalilia na kuitia mbolea. Ngano ya majirani ikatoa masuke, ikakauka, ikavunwa. Yetu ikabaki nyasi tu, kijani kibichi.

Wakati huohuo mwalimu wa maabara alikuwa akitufundisha juu ya jeni ambazo kazi yake ni kunyamazisha nyingine. Alituonyesha nzi waliozaliwa na kasoro miguuni kwa sababu jeni hizo ziliharibika. Akasema mimea nayo inazo: ngano ya nchi za theluji huzitumia kufunga jeni ya kutoa maua, yaani masuke, na haifunguki mpaka mmea upigwe na baridi wiki nyingi. Nilienda stoo nikasoma karatasi ya kumbukumbu ya lile gunia. Ilikuwa ngano hiyohiyo, na Rongai hakuna baridi ya namna hiyo.

Jumamosi nilienda nikiwa nimekusudia kusema. Nikakuta mama mdogo akimshutumu mzee kwamba aliuza mbolea. Mzee alikana, kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye umesoma hapa. Mwambie mathe kama mimi ni mwizi."

Nikasema sijui. Niliona haya kuonekana mjinga mbele ya mama mdogo aliyenilipia karo. Mzee akachukua koti lake akaenda.

Nilikaa na jambo hilo miezi miwili, usingizi ukinipaa. Nilipomweleza mama mdogo, hakunigombeza. Aliniambia nimtafute yule mzee, nisirudi kwake kabla sijamwona.

Nilimpata kwenye mjengo, akichanganya simiti. Nikamweleza yote: gunia, baridi, karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa, akaniambia nisogee, nisichafue viatu. Nilimwomba arudi Rongai, nikamwambia mama mdogo anamwomba radhi. Akasema nimpelekee salamu, lakini kazi yake sasa ni hapo.

Mama mdogo aliikata ile ngano akawalisha ng'ombe. Mpaka leo anapalilia mwenyewe, na nikimtembelea hunipa jembe.