Kioo Juu ya Ufa

Chokaa mbichi ina harufu inayokwaruza koo, na likizo ile ya Agosti, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nguo zetu zote zilinuka chokaa. Baba alikuwa mwashi. Mama alikuwa ameenda kwao Kakamega kujifungua, kwa hivyo kila asubuhi nilitoka Dagoretti na Baba, tukitembea kwenye baridi mpaka mjini. Alikuwa anatengeneza jengo la zamani karibu na soko: chini duka, juu akikaa Mama Zuhura, mwenyeji wa Lamu, na watoto wake wanne. Ili nisimsumbue kazini, alinichorea majengo kwenye karatasi ya mfuko wa saruji: msikiti wenye kuba, mahakama yenye nguzo, hekalu la Wahindi lenye milango ya kuchongwa. "Nenda uangalie, urudi uniambie kila moja limeshikiliwa na nini."

Chini ya ngazi ya jengo lile kulikuwa na ufa, na Baba alikuwa amebandika kipande cha kioo juu yake kwa plasta. Ndivyo mafundi hufanya. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba nimekatazwa kukigusa. Asubuhi moja nilikikuta kimevunjika katikati, na jana yake nilikuwa nimecheza mpira hapo. Nilivibandua vile vipande, nikavitupa kwenye mtaro, nikachukua karatasi yangu nikaenda.

Sijawahi kutembea vibaya hivyo. Kuba za msikiti zilionekana kama zimening'inia bila kitu. Pale mahakamani nilihesabu nguzo mara tatu, kila mara nikipata idadi tofauti. Mlinzi wa hekalu aliniuliza, "Wewe, mbona unatazama juu kama kuku anayekunywa maji?" Sikuweza kucheka. Kila ukuta niliuona umeinama.

Niliporudi, saa sita, Baba alikuwa ameinama kwenye ufa. "Watoto wa Mama Zuhura wamekichezea tena," alisema, akaanza kukata kioo kingine. Ningenyamaza, ingepita. Nikamwambia.

"Kilikuwa kimevunjika?"

"Ndiyo, Baba. Nilidhani ni mpira wangu."

Alipanda juu na mwiko mkononi. Nilimsikia Mama Zuhura: "Fundi, wali wangu haujakauka. Uambie ukuta wako ungoje."

"Shuka nao, mama. Na watoto wote."

Alishuka, sufuria kichwani juu ya kata ya kanga, akimtania Baba mbele ya watu. Mwenye nyumba alikuja akamwita Baba mwoga, akamfukuza kazi hapo hapo. Jioni ile ukuta ulisimama. Kesho yake pia. Siku ya tatu, mvua ikinyesha mchana, ngazi ilianguka pamoja na chumba cha nyuma. Hakukuwa na mtu ndani; Mama Zuhura na watoto walikuwa bado hawajarudi juu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, lakini Baba alinikatiza. "Siku ile ulizunguka na hayo maneno asubuhi nzima. Watoto wanne walikuwa juu." Hakuitaja siku ile tena maishani mwake.

Siku hizi huku kwetu Dagoretti majengo yanapanda ghorofa saba kabla msimu wa mvua haujaisha, na hakuna anayemjua fundi. Mwezi uliopita nilimtembelea mwanangu alikopanga. Ukutani kulikuwa na mstari kutoka dirishani mpaka sakafuni. "Ni rangi tu, mama," mtunza nyumba aliniambia. Nilisali nikiwa nimesimama, kisha nikalishusha mwenyewe godoro la kijana, ghorofa tano. Mpaka leo amenuna. Analala sebuleni kwangu, na nimemwacha anune.