Sauti Zilizofungiwa Msambweni

Siku yangu ya kwanza kazini Msambweni, nikiwa fundi wa kompyuta, Mkuu wa Mitambo alinionyesha kompyuta iliyozimwa. "Hii inaumwa," akaniambia. "Usiichomeke flashi yako." Nje ya kioo minazi ilikuwa ikitikisika bila sauti, nami nikajiona kama niliye ndotoni.

Kirusi, alinifundisha, ni programu ndogo iliyoandikwa na mtu; hujinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Virusi vya siku zile vilificha mafaili, au viliifanya kompyuta ijikokote. Mtu alilia kazi yake imepotea, kumbe ipo palepale. Nilipenda kumwona akicheka tena nilipomrudishia.

Nilihamishiwa Matuga, kisha Ukunda. Huko nilikutana na virusi vilivyonyemelea maneno ya siri, wenye simu wakaibiwa hata majina yao, na jamaa zao wakatapeliwa kwa majina hayo. Niliporudi Msambweni nilipewa mashine za kituo kidogo cha utamaduni. Humo Mwalimu Hamisi, mstaafu, alikuwa amehifadhi nyimbo za Kidigo alizozirekodi kwa akina mama wa kijiji cha Munje. Mmoja wao alikuwa mkewe, Bi Mwanakombo, aliyekwisha kufariki.

Asubuhi moja tulikuta kila faili limebadilika jina, na tangazo kwenye kioo cha kompyuta likidai fidia ndipo tupewe ufunguo. Kirusi kiliingia kwa barua pepe iliyofanana na risiti ya mzigo. Diski ya nakala ilikuwa imeachwa imechomekwa, nayo ikafungwa pia.

"Hatuwalipi," Mkurugenzi wa kituo alisema. "Hakuna anayejua kama watafungua. Futa zote, tuanze upya."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mke wangu yumo humo?"

"Yumo, lakini amefungiwa."

"Basi usimfute."

Mkurugenzi alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Weka diski nyingine," akasema taratibu. Ile ya zamani niliifunga kitambaa, nikaitia kabatini.

Miaka ikapita kama usingizi wa mchana. Mwalimu alikuwa akija, tunasalimiana, tunazungumza habari za mvua na mihogo. Diski hakuitaja. Siku moja tu, akitazama dirishani, aliniambia, "Sura yake naiona. Sauti imenitoka. Naitafuta, siipati."

 Kila nilipopata nafasi nilipekua mtandaoni, kwa kuwa wataalamu wa usalama wa kompyuta wakati mwingine huzivunja kufuli za aina hiyo na kutoa funguo bure. Nilikuwa nakaribia kustaafu nilipouona ufunguo wa kirusi chetu. Nilinakili diski kwanza, nikajaribu faili moja. Likafunguka.

Sasa nimepumzika nyumbani, na vijana huniuliza kirusi huharibu nini hasa. Huwaeleza habari za diski, na nakala inayotakiwa kuwekwa mbali na mashine. Huku nikisema hayo, nakiona chumba cha kituo siku ile faili lilipofunguka, feni ikizunguka, na Mwalimu Hamisi ameketi mbele ya spika, kofia mapajani.

Wimbo haukuanza mara moja. Ilianza sauti ya mwanamke, yenye kicheko ndani yake:

"Hamisi, hebu sogea. Wanizibia upepo."

Mwalimu akainuka kidogo, akakivuta kiti chake kando.