Volkano ya Turffontein

Wenzangu, hebu fikirieni hili. Bibi wa Tanga, mgeni wa siku mbili hapa Johannesburg, anamkabili mlinzi wa geti kwa Kizulu kinachoteleza. Wewe mwenyeji wa miaka tisa umetoa macho tu.

Yalinikuta mimi, Bakiri.

Ilikuwa hivi. Nilipeleka posa kwa kina Nusaiba, Tanga. Majibu yakachelewa. Kumbe wazee wamemtuma Bi Zubeda, mama mkubwa wa Nusaiba, aje anipeleleze huku huku ninakoishi. Barua ya majibu alikuwa nayo kwenye mkoba, imefungwa.

Shida ilikuwa mdomo wangu. Miaka yote kwenye simu nilikuwa namtambia Nusaiba: Johannesburg, Jozi yetu, yote ipo kichwani.

Uongo mtupu! Mimi fundi cherehani. Nalala Bellevue, nashona Mayfair, naswali Mayfair, narudi Bellevue. Basi.

"Mwanangu," akasema Bi Zubeda baada ya chai, "nasikia mji unaujua. Nitembeze."

Nikamwita Firmin, jirani yangu Mkongo mwenye gari. Nikajiapiza kwamba mbele ya mkwe neno "sijui" halitoki. Mwanaume asiyejua hata anakoishi atapewaje mke?

Hatujafika hata roboti ya kwanza, ndizo taa za barabarani huku, akanyoosha kidole. "Ule mnara juu ya kilima?"

"Msikiti wa kwanza wa Waswahili huku, mama."

"Mashaallah! Imamu wake nani?"

Jasho likanitoka. "Sheikh Abdulrahman. Ni marehemu sasa."

Akainua mikono, akamwombea dua ndefu. Firmin alikohoa mpaka gari likayumba.

Tukashuka kusini. Akauona mlima mmoja wa njano, bapa juu.

"Volkano hiyo, mama. Ilizimika zamani."

"Ndugu," Firmin akaninong'oneza, "utaenda ku moto, na ni miye nakupeleka."

Tulipofika Turffontein akaomba tusimame mbele ya uwanja mpana wenye uzio. "Na hapa?"

"Chuo cha kilimo. Majani yale ya ng'ombe."

Akashuka. Mlinzi akaja anapunga mikono, pamefungwa. Bi Zubeda akashika kiuno, akamwomba kwa Kizulu tutazame tu.

"Hawu, bhuti! Sicela ukubuka nje."

Mlinzi akacheka, akafungua geti, akamkaribisha ndani. "Ngena, Mama!"

Nikamfuata ndani, macho nimeyatoa.

"Hapa wanashindanisha farasi," akaniambia taratibu. "Nilikuwa nauza maandazi kwenye geti hili hili. Mume wangu alikuwa mpigania uhuru wa huku, alikimbilia kwetu, tukaoana Morogoro. Nchi yao ilipokombolewa akanileta. Tumekaa Rosettenville miaka kumi na moja, alipofariki nikarudi Tanga. Volkano yako ni mchanga wa migodi ya dhahabu. Na ule ni mnara wa maji. Sheikh wako alisalisha wapi, ndani ya tangi?"

Firmin akakaa chini kabisa, ameshika mbavu.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?" nikauliza.

"Nilikuwa nangoja useme hujui, hata mara moja, nikuombe tuende kwenye kaburi la mume wangu. Mwaka wa ishirini sijalizuru. Asubuhi nzima hukunipa nafasi."

Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga.

Tukaenda. Safari hii mwongozaji alikuwa yeye, kona kwa kona. Kaburini akasoma Fatiha, akaanza kung'oa majani. Nikapiga magoti nikang'oa naye.

Mara akauliza, "Bakiri, maisha ya ndoa unayajua?"

Ulimi ulishaanza kuandaa hotuba. Nikauzuia.

"Siyajui, mama."

Akajipangusa udongo, akafungua mkoba. "Haya. Niliambiwa nikupe nikikuridhia tu."

Nilifungua bahasha. Wamekubali! Nililia pale pale, na Firmin, ambaye si wa ukoo wowote, akalia pia.

Nusaiba amefika mwezi uliopita. Asubuhi ya kwanza alisimama dirishani. "Ule mnara wa nini?"

"Wa maji," nikajibu haraka.

"Na Sheikh Abdulrahman hajambo?"

Akacheka mpaka wapangaji wakagonga ukuta.

Kwa hiyo wewe uliyeko ughaibuni, mgeni akikuuliza usichokijua, sema hujui. Pengine aliyekuuliza alikuwa anauza maandazi hapo kabla hujapata pasipoti.