Sauti Kwenye Gari Lisilo na Betri

Afisa wa uokoaji aliponiambia, "Mama, huenda shemeji yuko zake Karonga, Malawi, anakula samaki wa chambo na mke mdogo," niliipiga ile meza yake mpaka chai ikamwagika. Niiteni mwehu. Lakini haya yamenipata mimi, mwenye akili zangu na kidato cha nne changu, na mwanangu ni shahidi.

Mume wangu, Baba Tusa, alikuwa akinunua vyungu Ikombe, anavivusha ziwa kwa mtumbwi wa mashine, kisha anavipeleka Kasumulu mpakani kwa gari. Ndani ya gari alifunga skana, redio ya kunasa mawasiliano, akaiunganisha kwa waya na kipokezi cha GPS, kinachoonyesha kwa namba mahali ulipo. Gari likikaribia mpaka, skana inahamia yenyewe kwenye masafa ya madereva wa malori. Likishuka ziwani, inahamia kwenye ya watu wa mitumbwi. Nilikuwa namcheka.

"Umeoa redio wewe."

"Wewe unaongea tu," ananijibu. "Mwenzako anasikiliza."

Kweli, inasikiliza tu. Skana haina pa kuongelea. Shikeni hilo.

Mtumbwini alibeba redio ya mkononi, na kila akimaliza kuongea lazima aseme "ndaga", asante yetu Wanyakyusa.

Siku upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ulipovuma, hakurudi. Ofisi ya uokoaji pale ufukweni wakasema hakuna aliyeita. Majirani wakaanza kunong'ona kuhusu wanawake wa Malawi. Msiba usio na maiti mnaujua? Ukilia, unaambiwa unamchuria. Usipolia, unaambiwa ulikuwa humpendi.

Basi alasiri moja, mvua ya Kyela inamwagika, niliingia garini hapa nyumbani Ikolo nilie Tusa asinione. Akanifuata. Betri ya gari ilikuwa kwa jirani, inachajiwa. Niaminini, nilikuwa nimeibeba mwenyewe. Skana ikawaka.

"Kuna mtu ananisikia? Mashine imezima. Maji yanaingia. Kuna mtu?"

Tusa akaruka. "Baba!"

Nikapiga kelele, "Nakusikia! Baba Tusa, nakusikia!" Naongea na kitu kisicho na mdomo. Kisha, polepole: "Haya. Ndaga."

Anamshukuru nani, jamani?

Kwenye kioo cha skana zilibaki namba za mahali. Nikaziandika kiganjani, nikaziingiza kwenye ramani ya simu. Hazikuwa za Ikolo. Alama ilidondoka majini, mbele ya Ikombe.

Ndizo nilizompelekea afisa, nikamwomba boti iende. Akaniletea habari za Karonga. Ndipo nikaona redio yao mezani, waya wake umechomolewa, na kwenye tundu lake la umeme simu ya afisa inachaji.

"Na hii?"

"Hiyo tunaiwasha ikihitajika, mama."

Hapo ndipo meza ilipopata yake.

Wavuvi wa Ikombe walikwenda na namba zangu. Walikuta mtumbwi umepinduka, vyungu viwili bado vimefungwa kamba kwa fundo la mume wangu. Yeye hawakumpata.

Mpaka leo mvua ikinyesha skana inawaka. Nimeng'oa waya wa GPS, inawaka tu. Tusa hukimbilia garini na kiti chake kidogo, akae na baba yake. Nimfukuze? Niwezeje?

Wewe mwenye mtu ziwani, usiulize mtumbwi wake una redio gani. Nenda ofisi ya uokoaji, uangalie waya wa redio yao umechomekwa wapi.

Mimi nimeandika malalamiko, yakagongwa muhuri. Yanasema hivi:

"Nalalamika kwamba mume wangu aliita na hakujibiwa, kwa sababu redio yenu ilikuwa imezimwa. Sidai fidia. Bado anaita. Mimi ninayo inayosikia tu. Ninyi mnayo inayoongea. Naomba mtu mmoja wa ofisi yenu aiwashe, amwambie: tumekusikia."